Barua za kazi, mabango na spelingi ya Kiingereza: jibu kwa mwenye steshenari wa Tanga

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba kazi na walimu wanaoomba uhamisho. Kiingereza nakisema, lakini spelingi inaniangusha. Juzi mteja kanirudishia barua kwa kuwa 'accommodation' niliiandika kwa m moja na 'received' nikaigeuza herufi. Bango langu la nje nalo fundi kaliandika STATIONARY, na mtu kanicheka mbele ya wateja. Kompyuta hainisaidii: mara inachora mstari mwekundu chini ya neno ninalojua ni sahihi, mara inanyamaza kimya. Kuna njia ya kujifunza bila kukariri kamusi nzima?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa huyo aliyekucheka. Njia ipo, na kamusi nzima huihitaji. Anayechapa barua za kazi, wasifu na mikataba ya pango hukutana na maneno yale yale wiki nenda wiki rudi. Sidhani kama yanayokusumbua kweli yanafika mia. Wala huna kichwa kizito. Una sikio zuri la Kiswahili, na unalitumia kwenye lugha isiyoandikwa kwa kusikia.

Mswahili anaandika anachosikia, na ana haki. Tuna irabu tano, kila moja ina sauti yake, na hakuna inayomezwa. Mtoto aliyeshika silabi ataandika "Chumbageni" hata kama hajawahi kuiona imeandikwa. Raha hiyo tunaipata kwa sababu tahajia yetu ya herufi za Kilatini bado changa. Pwani hii barua na tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na tahajia tunayoitumia leo ilisawazishwa baada ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na Kiunguja kufanywa msingi.

Kiingereza kilipita njia nyingine. William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, wakati matamshi ya Waingereza yenyewe yalikuwa yanahama. Irabu ndefu ziliendelea kubadilika hadi kama mwaka 1700, lakini vitabu vilishawazoesha watu tahajia ya zamani. K ya "knife" na "know" ilikuwa ikitamkwa; sauti ikafa, herufi ikabaki. Kisha wakaja wasomi waliokipenda Kilatini, wakapachika herufi ili maneno yafanane na mababu zake wa Roma: b ya "debt" na "doubt", p ya "receipt". Watu hawakuzitamka hata siku moja. Kwa hiyo sisi tulipochukua "risiti" bila p tulisikia sawasawa kabisa.

Sasa tuingie kwenye dawa, na ya kwanza ndiyo ninayoitegemea kuliko zote: soma neno la Kiingereza kwa sauti ya Kiswahili.

Mwingereza hukazia silabi moja au mbili za neno, zilizobaki anazimeza. Irabu iliyomezwa hugeuka mguno mfupi, na mguno huo ni ule ule iwe imeandikwa a, e, i au o. Ndiyo maana hata Waingereza wenyewe wanaandika "seperate" na "definately". Sikio haliwezi kuwaambia kuna irabu gani pale, kwa kuwa mdomo haukuitamka. Wewe unacho kitu wasichokuwa nacho: una sauti tayari ya kusoma kila herufi bila kubakiza. Chukua "separate" uisome kama unasoma gazeti la Kiswahili: se-pa-ra-te. A ya katikati sasa unaisikia. "Definitely": de-fi-ni-te-ly. "Calendar": ka-le-nda-r, ina a kabla ya r, kama ilivyo kwenye "kalenda" uliyoizoea. "Grammar" vivyo hivyo. "Secretary": se-kre-ta-ry. "February": Fe-bru-a-ry, na ile r ya kwanza inayopotea midomoni mwa watu wengi unaiona imekaa mahali pake. "Wednesday": We-dne-sda-y. "Government": go-ve-rn-me-nt, n haiondoki. "Business": bu-si-ne-ss.

Mahali ambapo njia hii inawashinda Waingereza kabisa ni kwenye miisho ya -ance na -ence, -ant na -ent. Kwao "attendance" na "experience" zinaisha kwa sauti moja, wanabaki kubahatisha. Wewe soma a-tte-nda-nce, e-xpe-rie-nce, re-fe-re-nce, ma-i-nte-na-nce. Hiyo ya mwisho wengi wanaiandika "maintainance" kwa kuwa inatokana na "maintain". Lakini ukishaisoma mara kadhaa kwa Kiswahili, ma-i-nte-na-nce, mkono wenyewe utakataa kuweka "tain". Kwenye wasifu, maneno ya namna hii yako kila ukurasa: competent, independent, assistant, accountant.

Utaniambia shuleni tulichapwa kwa kusoma hivyo. Kweli, na mwalimu wa kidato cha kwanza ana sababu ya kukataza, kwani ukimwambia mteja "We-dne-sda-y" atakushangaa. Hiki ni chombo cha kukumbukia, kinakaa kichwani. Mdomoni endelea kutamka kama kawaida.

Dawa hii haitibu kila ugonjwa. Haikusaidii pale ambapo sikio letu linaona sauti mbili za Kiingereza ni moja. Irabu zetu ni tano, za Kiingereza cha Uingereza zinakaribia 20 ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. I yetu inabeba "live" na "leave", "fill" na "feel", "slip" na "sleep". A yetu inabeba "staff" na "stuff", "bag" na "bug", "father" na "further". Nimeona barua za maombi ya kazi zinazoanza, "I am a Tanzanian aged 24, leaving at Chumbageni." Kijana anaeleza anakoishi, anayesoma anaona mtu anayeondoka Chumbageni. Nimeona pia mlango wa ofisi umebandikwa STUFF ONLY, yaani wenye ruhusa ya kuingia ni vitu.

Na hapa ndipo kompyuta yako inaponyamaza, kwa kuwa neno ulilokosea nalo ni neno halali. Kompyuta haijui ulitaka lipi. "Stationary" ni neno zima, maana yake kisichosogea. "Saloon" ni neno, lakini duka la kusuka nywele ni "salon". Mabango ya "Hair Saloon" yamejaa mijini mwetu wala hakuna mashine iliyowahi kuyalalamikia. Hata "calender" lipo, ni mashine ya kukandamiza na kulainisha nguo au karatasi. "Principle" ni kanuni, mkuu wa chuo ni "principal". "Personal" ni binafsi, ofisa wa utumishi ni "personnel officer". "Advise" kwa s ni kitenzi, "advice" kwa c ni nomino, kwa hiyo "kindly advice" inayoandikwa maofisini kila siku ni kosa ingawa wakubwa wanaitia saini. Maneno haya, mwanangu, ndiyo pekee ninayokwambia uyakariri jozi kwa jozi, uyabandike ukutani juu ya mashine ya kopi. Hayazidi kumi na tano kwa kazi yako.

Kuhusu bango, mpe fundi aibadilishe A ya pili iwe E, kazi ya dakika chache. Njia ya kukumbuka iko ndani ya neno: muuza vifaa vya kuandikia ni "stationer", ongeza y upate "stationery", kama vile "baker" anavyozaa "bakery". Ajabu ni kwamba maneno yote mawili yana asili moja. Huko Ulaya ya zamani wauza vitabu waliokuwa na mahali pao pa kudumu waliitwa jina hilo ili kuwatofautisha na wachuuzi wa kuzunguka. Kibanda chako hakizunguki, kwa hiyo bango halikudanganya sana. Siku nyingine ukimpa fundi kazi, mwandikie maneno kwenye karatasi kwa herufi kubwa, moja moja, naye anakili kutoka hapo. Ukimtajia kwa mdomo ataandika alivyosikia.

Tuje kwenye herufi zinazorudiwa, maana ndizo zilizokurudishia mteja. Kiswahili hakirudii konsonanti ila kwenye maneno kama "mmoja" na "nne", na hapo zote mbili tunazisikia. Kiingereza kinarudia na mtu hasikii chochote. Kusikiliza hakufai kitu. Tazama neno limejengwaje. Maneno mengi marefu ya Kiingereza yalitoka Kilatini yakiwa na kiambishi mbele, kama sisi tunavyoweka ni-na- mbele ya mzizi. "Accommodation" ni ac, kisha com, kisha mod: ac-com-mod-ation. C ya kwanza ni ya kiambishi, ya pili ni ya com. M moja inafunga com, nyingine inafungua mod. Ukiivunja hivyo huwezi kupoteza m. "Recommend" ni re na commend, kwa hiyo c moja tu. "Address" ni ad na dress. "Attached", neno lisilokosekana kwenye barua za kazi, ni at na tach. "Professional" ni pro na fes, f moja s mbili. "Disappoint" ni dis na appoint, s moja p mbili. "Dissatisfied" ni dis na satisfied, kwa hiyo s mbili. "Necessary" ni ne-ces-sary. "Committee" ndiyo mlafi kuliko wote: com-mit-tee, m mbili, t mbili, e mbili.

Kurudia kwa namna ya pili kunatokea neno linapoongezwa -ed au -ing, na hapa Mswahili ana shida ya pekee. Kanuni ni kwamba ikiwa neno linaishia kwa irabu moja na konsonanti moja, na mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, konsonanti hiyo inarudiwa. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, basi tunautembeza hivyo hivyo kwenye Kiingereza. Tunasema BE-gin, O-kar, PRI-fa. Matokeo yake ni "begining", "occured" na "prefered". Mwingereza anasema be-GIN, oc-CUR, pre-FER, na kwa hiyo "beginning", "occurred", "preferred". Kwa walimu wako wa uhamisho: "transferred", r mbili. Kwa waombaji wote: "submitted", t mbili. Mkazo ukiwa mbele, hakuna kurudia: "offered", "opened", "visited", "benefited". "Developed" nayo ina p moja, kwa kuwa mkazo uko katikati. Ukitaka kujua kanuni hii haitanii, tazama "refer": "referred" ina r mbili, lakini "reference" ina moja, kwa kuwa mkazo umehamia mbele. "Travelled" inaivunja, Waingereza wanaweka l mbili na Wamarekani moja. Iache ilivyo.

Ukitaka kujua mkazo uko wapi, fungua kamusi. Ile alama ndogo inayofanana na mkwaju ulionyooka, iliyowekwa mwanzoni mwa silabi kwenye mabano ya matamshi, ndiyo inayoonyesha. Watu wengi wana kamusi nyumbani na hawajawahi kuuliza alama ile ni ya nini.

Kuhusu "received": ule wimbo wa i kutangulia e isipokuwa baada ya c siufundishi. Una mwanya mkubwa mno. "Science", "species", "sufficient" na "efficient" zina c na bado i inatangulia. "Seize", "weird" na "protein" hazina c kabla yake na e inatangulia. Jifunze ukoo mmoja tu: receive, deceive, perceive, conceive, pamoja na receipt na ceiling. Wote wana cei. Basi.

Miisho ya barua nayo ina mitego yake. "Sincerely" inabakiza e ya sincere. "Truly" inaiacha e ya true. "Faithfully" ina l mbili kwa kuwa ni faithful na ly, lakini "faithful" yenyewe ina l moja. Na "grateful" haina uhusiano na "great". Inatokana na neno la Kilatini la shukrani, lile lile lililozaa "gratitude".

Sasa kompyuta, maana nadhani nusu ya matatizo yako yanaanzia pale. Mstari mwekundu unaouona chini ya "colour", "centre", "cheque" na "harbour" unatokana na Marekani. Noah Webster alichapisha kamusi yake kubwa mwaka 1828 na tahajia za "color" na "center" zikashika mizizi kwao. Tanzania shuleni na maofisini tunafuata Uingereza, lakini kompyuta nyingi zinatoka zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani. Kwenye Word nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, chagua English ya United Kingdom, halafu bonyeza Set As Default. Mji wa bandari hauwezi kuishi na mstari mwekundu chini ya "harbour".

La pili ni hatari zaidi. Asubuhi unachapa risala ya harusi kwa Kiswahili, ukurasa mzima unawaka nyekundu kwa kuwa mashine inadhani ni Kiingereza kibovu. Unazoea kuupuuza. Mchana unachapa barua ya kazi, unatokea mstari mmoja wa haki, na macho yako yanaupita kama yalivyopita ile ya asubuhi. Ukianza kazi ya Kiswahili, chagua maandishi yote, rudi kwenye dirisha lile lile la lugha uweke Kiswahili, au utie alama kwenye Do not check spelling or grammar. Nyekundu ibaki na maana yake.

Na la tatu, ambalo wachapaji wengi hawalijui: Word kwa kawaida haikagui maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kichwa cha barua, RE: APPLICATION FOR THE POST OF..., kinapita bila kukaguliwa hata kama kina makosa matatu, nacho ndicho mwajiri anachokiona kwanza. Nenda File, Options, Proofing, uondoe alama kwenye Ignore words in UPPERCASE. Vifupisho vitaanza kuchorwa mistari, vumilia.

Namna ya kujifunza yenyewe ni fupi. Weka daftari dogo kaunta. Kila neno linalokuangusha liandike humo, lililo sahihi tu. Kosa usiliandike, macho yasije yakalizoea. Wakati hakuna mteja, tazama neno, lisome kwa Kiswahili au livunje vipande, lifunike, liandike kwa kumbukumbu, funua ulinganishe. Kunakili neno mara ishirini kama adhabu ya shule kunachosha mkono huku kichwa kimelala. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu nne, kisha wiki ijayo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 utafiti aliojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu mwingi hutokea mapema, na kwamba marudio yaliyotawanywa yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Kama una mtoto wa sekondari nyumbani, akusomee imla ya maneno kumi jioni. Atafurahi sana kukusahihisha, na yeye mwenyewe atayashika.

Kabla ya kuchapa nakala za mwisho, toa moja, uisome kutoka chini kwenda juu, neno moja moja. Ukisoma kawaida, akili inakimbilia maana na kuziba makosa yenyewe. Kisha mpe mteja naye asome akiwa na kalamu mkononi. Jina lake, la kijiji chake na la shule yake anayajua yeye kuliko wewe.

Kuna jambo hukuuliza lakini litakukuta: mteja akileta rasimu yenye makosa yake mwenyewe, usirekebishe kimyakimya. Muonyeshe, akubali, ndipo ubadilishe, maana wengine rasimu wameandikiwa na shemeji aliyesoma na hawataki iguswe. Tangazo la kazi likiwa limeandika "Maintainance Officer", wewe andika "Maintenance Officer". Hakuna mwajiri atakayeikataa barua kwa usahihi. Kumbukumbu namba ya tangazo ndiyo unayoinakili kama ilivyo, herufi kwa herufi, hata ikikutia shaka.